Kadzama Mlangoni pa Mzee Tsofa

Jumamosi ile Kefa alikuja kwetu Kisauni na barua ya uhamisho mfukoni, na mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na Mueni, aliyekuwa akiuza maandazi stesheni ya Changamwe, na muuza maandazi wa stesheni hujua nani ahamishwa wapi kabla ya mwenye stesheni. Jumatatu, treni ya kwanza, kwenda Makindu. Karani wa mizigo Kefa, na kitanda chake.

Nikavaa gauni langu la maua ya zambarau, lile la vifungo sita mgongoni, nikajitanda leso mpya ambayo bado ilikuwa ngumu kwa dawa ya dukani. Nikasema moyoni: leo atanena. Leo ikipita hajanena, basi tena, na aioe reli.

Si kwamba Kefa alikuwa bubu. Ukimwuliza habari za mabehewa atakueleza mpaka ugali upoe. Lakini neno la mapenzi lilikuwa likimkwama kooni kama mwiba wa samaki tasi. Miezi minane tulikuwa tukizungumza kwa kitabu. Kilikuwa kitabu cha upelelezi, Sumu ya Mlango wa Buluu, kilichopigwa chapa kabla ya vita, na kwa jinsi kilivyosomwa Kisauni nzima kilikuwa hakina tena jalada wala ukurasa wa kwanza. Kefa alinikopesha siku ya mavuno kanisani. Nikamrudishia, akanikopesha tena. Kila kikienda na kurudi kilikuwa kimeongezwa vistari vya penseli. Yeye alipigia mstari maneno, "akamtazama asichoke." Mimi nikapigia mstari, "naye akajua kuwa atazamwa." Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yetu, yote kwa penseli, mtu angetaka angeyafuta kwa tonge la mkate.

Uzuri wa kitabu hicho ni kwamba mambo yake yalikuwa ya kwetu. Mzee mmoja mwenye minazi mingi auawa kwa tembo la mnazi lenye sumu, nyumbani kwake, nyumba ya mlango wa buluu upande wa Mkomani. Anayeshukiwa aapa kuwa saa hiyo alikuwa amesimama chini ya kengele ya Freretown, na kutoka kengeleni mpaka kwa marehemu hapaendeki upesi na mzigo wa tembo. Ndipo aja Sajini Kombo, mpelelezi ambaye kabla ya kuingia nyumba ya mtu huvua buti zake akazitundika shingoni asisikike. Sajini achukua kadzama, kibuyu kile cha heshima cha kutilia tembo, akakijaza mpaka mdomoni, akakibeba kutoka kengeleni hadi mlango wa buluu kwa dakika ishirini asimwage tone. Mwongo akashikwa.

Pembeni mwa ukurasa huo Kefa aliandika: "Haiwezekani." Chini yake nikaandika: "Yawezekana." Akaandika: "Twende tukapime."

Ikabidi aje kumwomba baba ruhusa. Baba yangu, Mwalimu Mramba, alikuwa mwalimu wa dini, mtu asiyeonja tembo wala asiyekaa upande linakotokea harufu yake. Hakuwa na ubaya na Kefa. Alimsifu hata kwa jinsi alivyoimba sauti ya nne. Lakini kwao Kefa kulikuwa huko juu, upande wa Ziwa, na baba alikuwa na neno lake moja alilokuwa akilirudia kila posa ya mtu wa bara ilipotajwa mtaani: "Siozi binti mahali ambapo nikiitwa msibani nafika vyungu vimekwisha oshwa."

"Mwataka kwenda kuona nini?" akamwuliza Kefa.

"Mahali pa kitabu, Mwalimu. Kengele, njia, na ile nyumba."

"Kengele, binti yangu Nyevu huiona kila Jumapili."

"Ataiona kwa jicho la upelelezi, Mwalimu."

Baba akamtazama Kefa, kisha akanitazama mimi na gauni langu la zambarau siku ya Jumamosi.

"Vizuri," akasema. "Na shangazi yake ataiona kwa jicho la shangazi."

Kwetu msichana hatembei na mwanamume pasipo shangazi, hilo halikuwa la kubishana. Shangazi Jumwa, dada mkubwa wa baba, alikuwa mama mnene mwenye miguu ya kuvimba, Mkristo wa benchi la mbele, ila akiapa aliapa wallahi, na baba alichoka kumkanya. Kusoma hakujua. Nilikuwa nimemsomea kitabu kile chote mara mbili, naye akamchukia yule muuaji kama jirani.

Kadzama yenyewe tuliitoa chini ya kitanda cha shangazi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuteka maji kisimani niyatie humo.

"Maji ya nini?" akasema shangazi.

"Ya kupimia, shangazi. Uzito ni ule ule."

"Maji hayana povu. Sajini Kombo alibeba tembo. Ukipima kwa maji utapata jibu la maji."

"Na baba je?"

"Baba yako hakutajwa kitabuni."

Akaingia na kadzama kwa mgema aliyekuwa akikaa nyuma ya mashamba ya mkonge, akakaa huko kitambo kirefu kuliko kazi yake, akatoka nayo imejaa, na midomo yake ikimeremeta.

"Nilikuwa nalionja," akasema, "kama lina sumu."

Tukafika kengeleni jua bado si kali. Kefa akaketi penye kivuli cha tao akavua buti zake, buti za reli zenye vyuma kisiginoni, akafunga kamba zake pamoja, akazitundika shingoni. Miguu yake ilikuwa myeupe nyayoni kama ya mtoto mchanga. Nikageuka nisicheke. Nilipogeuka tena alikuwa akinitazama, na safari hii hakuyaondoa macho.

"Nyevu," akasema.

"Abee."

"Kabla hatujaanza, nina neno."

Nikaikaza leso yangu. Shangazi akajifanya kutazama kengele kana kwamba ndiyo kwanza imetundikwa.

"Ikiwa nitamwaga," akasema Kefa, "tafadhali usinicheke."

"Ndilo hilo neno?"

"Ndilo."

"Sitacheka," nikasema, nikatamani kuchukua buti moja nimpige nayo.

Akatazama saa yake ya mkono, akainyanyua kadzama kwa mikono miwili mbele ya kifua, akaanza. Sharti letu lilikuwa hivi: yeye asisimame kwa lolote, mimi nifuate nyuma nikitazama ardhi nione kama pana tone. Alitembea kama mtu aliyebeba yai la mtu mwingine. Povu lilikuwa likitikisika mdomoni mwa kibuyu, likikaribia, likirudi. Wanawake wawili waliotoka kutafuta kuni wakatupisha njia wakasimama kimya, kama watu wapishao jeneza. Mmoja akatutazama, akatazama kadzama, akamtazama shangazi, akapiga kigelegele kidogo, kimoja tu. Sikukielewa kigelegele kile, na hilo ndilo kosa langu.

Tulipokwisha vuka kile kijito kikavu, mguu wa shangazi ukagoma.

"Mie siwezi tena," akasema, akaketi juu ya gogo. "Nipumue."

"Kefa asisimame, shangazi. Saa inakwenda."

"Na aende. Wewe je, waenda wapi? Ukimfuata peke yako maguguni huko, baba yako nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa nimeketi?"

Akanishika pindo la leso. Kefa, bila ya kugeuka, maana angegeuka angemwaga, akaita: "Dakika kumi na moja." Akapotea penye kona ya mikorosho, nyayo zile nyeupe zikipanda na kushuka.

Tulimfuata kwa mwendo wa mguu wa shangazi. Nyumba tuliijua ilipo, kila mtu wa Kisauni aliijua, ingawa mimi sikuwahi kuikaribia. Ilikuwa ya Mzee Tsofa, mjane, mwenye minazi, mwenye ulimi. Watu walikuwa wakienda huko toka kitabu kilipotoka, wakisimama uani mwake na kuuliza alipoangukia maiti, na yeye akiwafukuza na mbwa.

Leo mbwa alikuwa amelala. Mlango ulikuwa buluu kweli, rangi imebabuka chini kwa mvua. Dirisha ambalo kitabuni muuaji alipitia akiruka lilikuwa dogo hivi, paka mnene angefikiri mara mbili. Na Kefa alikuwa ameketi barazani juu ya kiti cha miguu mitatu, kile kisichokaliwa na kila mtu, buti shingoni, uso umejaa furaha. Mbele yake Mzee Tsofa, kifua wazi, shuka nyeupe kiunoni, kata mkononi, kadzama katikati ya miguu. Kwa jinsi alivyoiinamisha kuchota, ilikuwa imefika nusu.

"Dakika kumi na tisa, Nyevu," akasema Kefa. "Sikumwaga. Na mzee amenipokea vizuri mno."

Shangazi alisimama pale pale uani. Sijamwona kusimama vile hata siku ya mazishi.

"Kefa, mwanangu," akasema polepole. "Kadzama uliiweka wapi?"

"Pale kizingitini, shangazi. Kama kitabuni."

"Ukasema nini?"

"Nikapiga hodi. Nikaomba kuiona nyumba."

"Halafu?"

"Mzee akaniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia shangazi yuko njiani, mguu wamsumbua."

Shangazi akaketi chini, palepale mchangani, na leso yake safi.

Yakupasa kujua desturi yetu, ambayo Kefa hakuijua. Kwetu kadzama ya tembo haitembezwi hivi hivi. Ukiiona yaelekea nyumba ya mtu mwenye binti, hiyo ni posa. Ukiiweka kizingitini, umebisha. Mwenye nyumba akinywa, mlango wa maneno umefunguka, na kuufunga tena ni baraza la wazee na aibu ya mwaka mzima. Kefa alikuwa ameivuka nusu ya Kisauni na kadzama imejaa, kachukua mwendo wa adabu, miguu mitupu, akaiweka kwenye kizingiti cha mtu mwenye binti, akasema shangazi anakuja. Hata angefundishwa mwezi mzima asingefanya sawasawa zaidi.

"Karibuni," akasema Mzee Tsofa, akijifuta povu masharubuni. "Karibu, Jumwa. Huyu kijana wenu ana haya, nimempenda. Kafedha, njoo."

"Mzee Tsofa," akasema shangazi, "pana kosa."

"Tembo halina kosa. La leo asubuhi hili."

"Hawa ni watu wa kitabu."

Mzee Tsofa akacheka mpaka kata ikamwagika. "Watu wa kitabu nawajua mie. Miaka kumi wanikanyagia ua. Waniuliza alifia wapi, alifia wapi. Hapa hajafa mtu ila kuku. Na watu wa kitabu, Jumwa, huja mikono mitupu. Hakuna hata mmoja aliyeniletea ndimu. Huyu ameleta kadzama. Basi huyu si wa kitabu, huyu amekuja kwa Kafedha."

Kefa akanitazama. Nikamtazama. Niliona habari zikimwingia usoni polepole kama maji yaingiavyo mtumbwini, na furaha yote ikazama.

"Kafedha ni nani?" akauliza.

"Ni mimi," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya. Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo hata leo. Akamtazama Kefa kuanzia nyayo nyeupe, akapanda polepole mpaka kwenye buti, akasita hapo.

"Ndiye huyu?" akasema. "Na hizo buti ni mahari?"

"Mtazame vizuri," akasema babake. "Yu karani."

Mimi nilihisi kitu kikinichoma hapa ubavuni. Nilijua kuwa Kefa hamtaki. Nilijua yote ni kosa. Lakini Kefa hakuwa akisema neno, na Jumatatu treni, na kwa jinsi nilivyomjua angeweza kuozwa akiwa bado anatafuta sentensi ya kuanzia.

"Sema basi," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Mzee," akasema Kefa, "naomba radhi. Mimi ni mtu wa bara. Sikujua maana yake. Nitakuletea nyingine kama hiyo, imejaa."

Mzee Tsofa akaiweka kata chini. Kucheka kulikuwa kumekwisha.

"Kijana, sikiliza. Umepita njia kuu mchana kweupe. Hivi sasa Mkomani yote yajua kuwa Tsofa ameletewa kadzama. Wewe waniambia nikawaambie watu kuwa ilikuwa mchezo? Binti yangu aitwe nani? Yule aliyerudishiwa kibuyu?"

Hapo hakuna aliyecheka. Hata Kafedha aliushusha mwiko. Mbwa alifungua jicho moja akatutazama, akafumba.

Ni Kafedha aliyenena. "Baba, mimi mwenyewe uliniuliza?"

"Nimekuita sasa hivi."

"Umeniita kata i kinywani. Desturi ni binti kuitwa kwanza, aulizwe tunywe tusinywe. Nani aliniuliza?"

"Jua lilikuwa kali," akasema Mzee Tsofa.

"Basi ulichokunywa ni kiu yako, si posa yangu. Na huyu mrudishe alikotoka. Mimi wangu yuko Mtongwe."

"Wako yupi?"

"Tutazungumza."

"Wako yupi, Kafedha?"

"Tutazungumza, baba, mgeni angalipo."

Shangazi Jumwa alikuwa amekwisha kupata nguvu. Akainuka, akakung'uta mchanga, na nilimwona akiketi upya, safari hii kwenye baraza, kama mzee wa kesi.

"Mmesikia," akasema. "Umekunywa tembo la watu na binti hakuulizwa. Kosa ni lako, Tsofa, wallahi."

Mzee Tsofa akatazama ndani ya kadzama, kana kwamba jibu limezama humo. Halafu akainua uso, na macho yake yalikuwa na ujanja.

"Vema. Kosa nimelichukua. Lakini kadzama haizaliwi yatima. Iliyojazwa ina mwenyewe. Ikiwa si ya Kafedha, ni ya nani? Hilo nitajibiwa hapa hapa, ili nikiulizwa njiani niwe na la kusema. Kijana, ni ya nani?"

Nilisikia sufuria ya Kafedha ikichemka huko jikoni. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilisema moyoni, Kefa, ukisema ni ya Sajini Kombo, naondoka na sitarudi kutazama nyuma.

Akasimama. Buti zikamgonga kifuani.

"Ni ya Nyevu," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo. Halafu likawa kama pipa lililong'olewa kizibo.

"Ni ya Nyevu. Sikujua kuwa ndiyo kazi yake, ningalijua ningaliibeba toka mwezi wa tatu. Nimehamishwa Makindu, naondoka Jumatatu. Barua ninayo siku ya tisa, imekuwa laini kama kitambaa. Nilitaka niende kimya kimya, maana Mwalimu hataki mtu wa mbali, nami sina njia ya kusogeza kwetu kuwe karibu. Nikasema walau nitembee naye siku moja. Nimemaliza penseli mbili, Nyevu. Sijui kuandika zaidi ya hapo."

Sijui nilifanya uso gani. Najua tu kwamba Kafedha alinisogelea akasimama ubavuni mwangu, akanishika mkono, msichana ambaye dakika chache kabla nilikuwa nikimtakia jipu.

"Wajua nilijua habari za Makindu?" nikamwambia Kefa.

"Nani alikwambia?"

"Mueni."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

"Haya," akasema Mzee Tsofa, "hayo mtaulizana mkiwa wazee. Safari hii nafuata sheria. Nyevu, binti Mramba, kadzama hii yasemekana ni yako. Tunywe, tusinywe?"

Nikasema.

"Sikusikia," akasema Mzee Tsofa.

Nikasema tena.

"Masikio yangu ya uzee haya."

"Amesema mnywe, baba," akasema Kafedha, "na wewe umekwisha kunywa."

Mzee akachota tena, na alipomaliza kata hiyo ndipo shangazi alipompa hukumu yake. Aliyekunywa kadzama isiyo yake hana budi kuifikisha kwa mwenyewe. Kefa hakuwa na mzee pwani hii, na posa haipelekwi na mwenye kuposa. Kwa hiyo Tsofa avae, aende kwa Mwalimu Mramba leo hii, akanene.

"Kwa Mramba?" akasema Mzee Tsofa, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mwenye ulimi ule akitafuta neno. "Jumwa, niadhibu kwa jingine."

Maana baba yangu alikuwa amemwinda Mzee Tsofa miaka kumi na moja ili ampeleke kanisani. Kila mwezi alimwendea na Injili kwapani. Mzee Tsofa alimpokea kwa adabu, akampa dafu, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitafikiri." Mara ya mwisho baba alipotokea, mzee alipanda mnazini, akajifanya anaangua nazi mpaka jioni.

Lakini alivaa. Tukarudi Kisauni kwa msafara: mbele Mzee Tsofa na fimbo, nyuma yake shangazi akiyumba kidogo kwa sababu za mguu, kisha Kefa miguu mitupu, amesahau kuzivaa buti, kisha Kafedha aliyekuja, kwa maneno yake, ili aone. Mimi mwisho, nikitazama mgongo wa Kefa. Shati lake lilikuwa limeloa jasho na kushika mabega. Aligeuka mara tatu, na kila alipogeuka alijikwaa.

Baba alikuwa barazani akitayarisha somo la kesho. Alituona toka mbali. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tsofa," akasema. "Miaka kumi na moja naja kwako. Leo umekuja kwangu."

"Nimekuja kwa sababu nimekunywa, Mwalimu."

"Hilo naliona."

Mzee Tsofa akanena, na nitamsifu maisha yangu yote: alinena kama mshenga wa haki. Alianza na ukoo, akaja kwenye adabu ya kijana, akaja kwenye dakika kumi na tisa pasipo tone, akasema mtu awezaye kubeba kitu namna ile anaweza kukabidhiwa. Hakuficha kwamba kadzama ilikosea mlango. Baba alisikiliza yote, macho yake yakiwa juu ya dada yake.

"Tembo," akasema alipomaliza. "Jumwa, lilitoka wapi?"

"Lilikuwa la upelelezi," akasema shangazi.

Baba akamgeukia Kefa, akamtazama miguu, akatazama buti, akaamua kutouliza. Kisha akaniita.

"Nyevu."

"Abee, baba."

"Makindu wakujua?"

"Sikujui, baba."

"Mimi nakujua. Nilipita na treni mwaka wa thelathini na sita. Hakuna mnazi hata mmoja. Vumbi jekundu, na miba."

"Ndiyo, baba."

"Na hata hivyo?"

Nilitazama chini, kama ilivyonipasa. "Hata hivyo, baba."

Baba alikuwa na mazoea akifikiri ya kukipanga kitabu chake sawa na ukingo wa meza, na sasa alikipanga, akakipangua, akakipanga. Nilijua alikuwa akiiona ile njia ndefu ya reli, na vyungu vilivyokwisha oshwa.

"Kadzama haiingii nyumba hii," akasema mwishoni. "Wala isiyo na kitu ndani. Na posa hailetwi na mtu aliyekunywa. Mkristo huleta majani ya chai na sukari, watu wakiwa na akili zao. Kesho, baada ya ibada. Na asije peke yake kama tarishi. Aje na mzee wake."

Shangazi alishusha pumzi. Kafedha alinibana mkono. Lakini Kefa, maskini, hakuelewa. Alisikia haiingii, alisikia hailetwi, alisikia mzee wake, na wazee wake walikuwa mwendo wa siku mbili kwa treni. Akainama.

"Nimeelewa, Mwalimu," akasema. "Asante kwa kunisikiliza. Mungu awaweke nyote." Akashika njia, akaelekea barabarani.

Baba akamtazama akienda. "Yule aenda wapi?"

"Nafikiri aenda Makindu," akasema Kafedha.

"Mwiteni. Mtu anaambiwa kesho alete chai, yeye aaga. Huko kwao mtu akikubaliwa huambiwa nini?"

Nilimwita mimi. Sikukimbia, nilikuwa mtoto wa Mwalimu, lakini nilimfikia upesi. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Umekubaliwa," nikamwambia.

"Nimekubaliwa wapi?"

"Hapa, Kefa. Chai ndiyo kukubaliwa."

Aliniangalia, na sijui ni muda gani, maana hakuna aliyeshika saa. Hakuna kitabu kilichowahi kuandika mtu kutazamwa hivyo. Halafu akaukunja uso.

"Lakini mzee nitamtoa wapi kesho?"

"Mzee unaye," baba akasema toka barazani, na alikuwa ameipanga sauti yake iwe ya kawaida kabisa. "Si huyu aliyekunywa? Aliyeianza njia ataimaliza. Ila chai inakuja baada ya ibada, na mshenga hawezi kuja na ujumbe wa kanisani kama kanisani hakuwako. Nitamtazama benchi la pili."

Sote tukamgeukia Mzee Tsofa. Alikuwa ameishika fimbo kwa mikono miwili. Aliitazama njia ya kwake, akautazama mnazi wetu mmoja uani, na nadhani aliupima urefu wake.

"Mramba," akasema, "hili si haki. Mie nilikuwa nimekaa kwangu na kiu yangu."

"Sikukulazimisha. Waweza kukataa."

Kefa akamwendea. Hakusema mengi, alikuwa ameyamaliza. Alipiga goti moja mchangani, kama wafanyavyo kwao labda, kwetu hatufanyi, akasema, "Mzee, utanisimamia?"

Mzee Tsofa akamtazama. Akanitazama na mimi, na mkono wangu uliokuwa umerudi mkononi mwa binti yake. Masharubu yake yakachezacheza.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ibada yenu ni ndefu?"

"Ya kesho," akasema baba, akivuta karatasi nyingine nyeupe na kuchovya kalamu, "itakuwa ndefu."

Mzee Tsofa akafumba macho.

"Kafedha," akasema, "twende ukanifulie kanzu."